Karonga au Tukuyu

Kufikia mwaka 1994 Fundi Keziya alikuwa hashoni tena magauni. Si kwamba alichoka. Watu ndio walioacha kuleta vitambaa. Soko la Kyela lilikuwa limejaa mitumba. Marobota yalifunguliwa asubuhi, na mwanamke ambaye zamani angekuja kwake na mita tatu za kitambaa na kusubiri wiki mbili, sasa alinunua gauni zima la Ulaya lenye mkanda na vifungo vyake, akaja nalo apunguziwe kiuno. Basi Keziya alipunguza viuno. Alifupisha mikono, akatoa sponji za mabegani, akazikata suruali za wanaume wanene asiowajua zikawatosha vijana wembamba wa Ndandalo.

"Siku hizi nashona kinyumenyume," aliwaambia wateja. "Zamani nilianza na kitambaa nikamaliza na nguo. Sasa naanza na nguo, nabaki na kitambaa."

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, mfupi, mcheshi, mzee wa kanisa upande wa akina mama. Alizaliwa Kitwe, Zambia, ambako baba yake Mnyakyusa alichimba shaba na mama yake, mtu wa Karonga, aliuza maandazi kwenye geti la mgodi. Huko Kitwe ndiko alikoolewa na Andongwisye, mchimbaji kijana kutoka Ndandalo, tarehe kumi na mbili Julai mwaka 1969. Sasa mumewe alikuwa mkulima. Alikuwa na shamba la mpunga Talatala na migomba na mikakao nyuma ya nyumba, na watu walimwita Baba Naomi, kwa jina la binti yao wa kwanza.

Naomi aliolewa na Patrick, mfanyabiashara wa mchele. Tangu watu binafsi waruhusiwe kusafirisha mchele popote wapendapo, Patrick alikuwa amenunua pikapu, akaipaka rangi upya, na kila miezi michache alivuka mpaka na magunia yake. Siku ya Pasaka alikuja na Naomi kwa wakwe zake, wakala, na baada ya chai akasema jambo ambalo ilionekana walikwisha kulipanga na mkewe.

"Baba, mama, mwezi wa saba mnatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mimi mwezi huo huo napeleka mchele Kitwe. Twendeni wote. Mkasali katika kanisa lenu lile mlilofungia ndoa. Kurudi, mimi nitakwenda Lusaka kutafuta vipuri, ninyi mtapanda treni Kapiri Mposhi mpaka Mbeya."

Keziya alipiga vigelegele. Andongwisye alicheka, akapangusa macho. Hajapata kurudi Kitwe tangu alipoondoka.

"Ndaga fijo, mwanangu," alimshukuru mkwewe kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo."

"Sasa mchague njia," Patrick akasema. "Tunaweza kupanda Tukuyu, Mbeya, tukatokea Tunduma. Au tuvuke hapa Kasumulu, tupite Karonga na Chitipa, tuingilie Nakonde. Kwangu zote sawa, kiangazi zinapitika. Ila naona vizuri mpite njia ile ile mliyokuja nayo zamani, mlipohamia huku. Ilikuwa ipi?"

"Tukuyu," alisema Andongwisye.

"Karonga," alisema Keziya.

Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana na kucheka. Kila mmoja alidhani mwenzake anatania.

Haikuwa utani. Andongwisye alieleza safari yao kama mtu anayesoma. Basi liliharibika Mbozi, wakalala hapo hapo kando ya barabara pamoja na abiria wengine. Asubuhi mama mmoja aliwapa viazi vitamu viwili vya kuchoma. Keziya alikaa dirishani, amejifunga kitambaa cha njano kichwani, na cherehani yake ya mkono ikiwa miguuni mwao ndani ya sanduku la mbao, kiasi kwamba hakuwa na mahali pa kunyoosha miguu mpaka Tukuyu.

"Cherehani ilipita kwenye mto, Baba Naomi," alisema Keziya. "Cherehani ilivuka Songwe. Tulitoka Karonga kwa mama mdogo, tukafika Kaporo kwa gari la misheni, tukatembea kwa miguu mpaka mtoni. Daraja lilikuwa bado. Mto umejaa, mvua inanyesha, mimi nina homa na mimba ya huyu Naomi. Wewe ulinishika mgongoni hivi, mkono mmoja, tangu tunaingia kwenye mtumbwi mpaka tunashuka Katumba Songwe. Umesahau?"

"Sijawahi kupanda mtumbwi na cherehani maishani mwangu."

"Na mimi sijawahi kula kiazi Mbozi."

Naomi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi nilijua mlikuja mara mbili," alisema. "Baba alikuwa anatusimulia ya basi tukiwa shambani. Mama alikuwa anasimulia ya mtumbwi akiwa anashona. Nilidhani ni safari mbili."

"Ni moja," walisema wazazi wake, tena kwa pamoja.

Hapo ndipo Keziya alipoanza kuchanganyikiwa. Alikuwa amemsikia mumewe akitaja basi hilo mara nyingi, lakini siku zote alidhani ni basi jingine, safari ya ujana wake alipokwenda Kitwe kuanza kazi. Hakuwa amesikiliza hata siku moja kama yeye mwenyewe yumo ndani ya basi hilo, dirishani, na kitambaa cha njano. Na kitambaa cha njano alikuwa nacho kweli. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Kama mzee anabuni, kitambaa amekipata wapi?

Wiki zilizofuata walibishana taratibu, bila hasira, kama watu wawili wanaotafuta ufunguo ndani ya nyumba. Andongwisye angekuwa anapasua kakao uani, ghafla aseme, "Na konda alikuwa na jino la dhahabu." Keziya, ndani, angejibu, "Na mwenye mtumbwi alikuwa akiimba." Hati zao za kusafiria za wakati ule zilikwisha kuliwa na mchwa. Wazazi wa Andongwisye walikuwa wamefariki. Mama mdogo wa Karonga amefariki. Keziya alikwenda kumuuliza jirani yao wa siku nyingi aliyewapokea walipofika Ndandalo, naye baada ya kufikiri sana akasema anavyokumbuka walikuja kwa meli, wakashukia Itungi. Keziya alirudi nyumbani akiwa amechoka kuliko alivyokwenda.

Sokoni kazi ilianza kumharibikia. Alishona mkono wa blauzi akauziba mwisho wake, mteja akaingiza mkono, ukakwama. Alimpunguzia mtu suruali mguu mmoja. Alipokaa peke yake alijaribu kuirudia safari kichwani polepole, toka Kitwe, hatua kwa hatua, na kila alipofika mtoni aliona vitu vilevile: maji ya kahawia, sanduku la cherehani, mkono mgongoni. Uso wa mwenye mkono hakuuona, kwa sababu alikuwa nyuma yake. Lakini angekuwa nani? Mwanamke mwenye mimba atavushwa mto na nani kama si mumewe? Halafu alijaribu kuingia kwenye basi la mumewe, akakaa dirishani, akaweka cherehani miguuni, na baada ya siku kadhaa aliogopa alipogundua kwamba basi nalo ameanza kulikumbuka. Alisikia hadi harufu ya viti.

"Baba Naomi," alisema asubuhi moja wakinywa chai, "hivi mtu anaweza kusahau safari nzima?"

"Inaelekea mmoja wetu anaweza," alisema Andongwisye. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila sijui ni nani. Juzi nimeuona mto wako. Nimeuona kabisa."

Wakakubaliana kwenda Katumba Songwe. Yalikuwa mawazo ya Keziya. Alisema waliokuwa wakivusha watu mahali pale hawakuwa wengi, na pengine mmoja wao bado yupo. Kama kuna anayewakumbuka, watapita Karonga. Kama hakuna, watapita Tukuyu na yeye hatasema neno. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, baada ya ibada, Patrick aliwapeleka na pikapu. Keziya alikaa mlangoni, mumewe akakaa katikati, kwa heshima ya mama mkwe na mkwewe.

Walielekezwa kwa mwanamke aitwaye Beatrice. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, ana duka dogo la sabuni na sukari kutoka ng'ambo karibu na mto, na baba yake marehemu ndiye aliyekuwa na mtumbwi mkubwa wa kuvusha watu kabla ya daraja la Kasumulu. Aliwakaribisha, akawapa viti na soda. Keziya alieleza shida yao. Beatrice alianza kutikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Mama yangu, baba alivusha watu wangapi? Mimi nilikuwa msichana, kazi yangu kukomba maji kwenye mtumbwi. Sura za watu nilikuwa hata sizitazami."

"Tulikuwa na cherehani," alisema Keziya. "Ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili."

Beatrice aliacha kutikisa kichwa.

"Cherehani," alisema. "Ngoja. Na wewe ulikuwa mgonjwa? Umejifunika blanketi?"

"Ndiyo! Ndiyo, la kijivu!"

"Basi ninyi nawakumbuka. Baba aliikataa ile cherehani. Alisema chuma hicho kitatuzamisha, mto umejaa. Wakabishana sana na yule kijana uliyekuwa naye. Kijana akasema, basi mvushe kwanza mgonjwa, cherehani nitakaa nayo huku hata siku tatu. Baba akaona aibu, akasema leteni. Kijana akaipakata yeye magotini njia nzima, mkono mmoja kwenye sanduku, mkono mwingine kwako." Beatrice alicheka. "Nilimkumbuka siku nyingi kwa sababu baba alikuwa akimtolea mfano. Alisema, ona mtu yule, mguu mmoja mbovu, lakini alishuka kwenye maji ya kifuani kuivuta pua ya mtumbwi."

"Mguu mmoja mbovu," alisema Andongwisye.

"Alikuwa anachechemea. Huu wa kulia." Beatrice alimtazama mara ya kwanza vizuri, akatazama miguu yake, akaona aibu. "Samahani, tata. Mimi nilidhani wewe ni... Yule alikuwa mwembamba pia."

Patrick alishika chupa yake ya soda bila kunywa.

"Hezroni," alisema Andongwisye. "Alikuwa Hezroni."

Hezroni alikuwa mdogo wake. Aliumia mguu utotoni, alipoanguka kutoka kwenye mwembe. Alikwenda Kitwe mara moja, akakaa kwa kaka yake mwaka mmoja akitafuta kazi, mgodi ukamkataa kwa ajili ya mguu, akarudi kulima. Alichelewa kuoa na hakuwa msemaji. Alifariki mwaka 1991, akazikwa Ndandalo, hatua chache kutoka kwa wazazi wake.

Walipanda gari. Njiani, kati ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, mambo yalianza kurudi yenyewe, na la ajabu ni kwamba hapakuwa na siri yoyote. Yote waliyajua. Andongwisye alijua kwamba mkataba wake wa mgodi uliisha Februari 1970. Keziya alijua kwamba mama mkwe wake alitaka sana mjukuu azaliwe Ndandalo, na kwamba Naomi alizaliwa mwezi wa nne. Wote wawili walijua kwamba Hezroni alirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 1969. Ni kwamba mambo hayo hawakupata kuyaweka pamoja hata siku moja. Keziya alikuja kwanza, na shemeji yake, kupitia kwa mama mdogo wa Karonga ili apumzike. Mumewe alikuja peke yake miezi miwili baadaye, kwa basi. Walipoishi pamoja tena kila mmoja akasema "tulipokuja," na miaka ikaila ile miezi miwili bila kuacha makombo.

"Sasa cherehani," alisema Andongwisye. "Mimi miguuni nilikuwa na nini?"

Hakuna aliyejua.

Kwa siku tatu hawakuizungumzia tena. Keziya aliendelea na viuno vyake, akishona vizuri sasa, lakini ndani alikuwa hoi kuliko mwanzo. Awali alichanganyikiwa kwa jambo asilolijua. Sasa alilijua, na hakujua alifanyie nini. Alikumbuka msiba wa Hezroni. Alipika, alipakua, alilia kama mashemeji wanavyolia, kisha akaosha sufuria. Mtu aliyemwokoa na mauti ya mtoni akiwa na mimba ya Naomi, aliyeipakata cherehani iliyowalisha miaka ishirini na mitano, alimlilia kiasi cha kumtosha shemeji wa kawaida. Na yeye Hezroni alikuwa amekaa barazani kwao mara ngapi, akimsikiliza Keziya akiwasimulia watoto jinsi baba yao alivyomvusha mto? Hakupata kusema, "Mama Naomi, yule nilikuwa mimi." Kwa nini hakusema? Alionea aibu? Alidhani Keziya anafanya makusudi kumpa sifa mumewe? Au na yeye alisikiliza mpaka akaamini?

Hakukuwa na wa kumuuliza. Alikwenda kaburini asubuhi moja kabla ya kwenda sokoni, akang'oa majani, akasimama. Alitaka kusema asante, akaona asante ya kuchelewa hivyo ina uzito wa ajabu mdomoni. Alisema, "Ndaga, Hezroni," kama mtu anayesalimia njiani, akaondoka.

Siku ya nne Andongwisye alimfuata sokoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alikaa kwenye stuli ya wateja.

"Gramafoni," alisema.

"Nini?"

"Kilichokuwa miguuni. Si cherehani. Ilikuwa ile gramafoni niliyomwuzia mwalimu. Nayo ilikuwa na sanduku la mbao."

"Na aliyekaa dirishani?"

Andongwisye alitazama mikono yake. "Ndiyo najiuliza. Naona kitambaa cha njano. Labda alikuwa mama fulani wa Mbozi huko. Labda hakukuwa na mtu, nilikuwa nakuwaza tu. Nilikuwa sijakuona miezi miwili, una mimba, barua haziji. Nadhani nilikuwa nakuongelesha njia nzima." Alikohoa. "Ulisema alikushika mgongoni."

"Nilikuwa na homa, Baba Naomi. Nilikuwa naanguka."

"Sina wivu. Usifikiri nina wivu. Marehemu mdogo wangu..." Aliokota kifungo kilichoanguka. "Nina wivu kidogo. Si wa hivyo. Nilipenda kuwa yule mtu. Miaka yote hii ulivyokuwa unasimulia, ndani nilikuwa nasema, hili sikulifanya, lakini kama mke wangu anasema nilifanya, basi pengine nilikuwa mtu mzuri kuliko ninavyojijua."

Keziya alisimamisha cherehani.

"Nataka tupite Karonga," alisema mumewe. "Nataka nione."

"Mimi sasa nataka tupite Tukuyu," alisema Keziya. "Sikuwemo kwenye lile basi. Nataka niingie."

Basi wakawa wamebadilishana, na mbishano ukaanza upya. Patrick alipokuja kuuliza ili aandae karatasi za mzigo, aliambiwa Karonga na baba mkwe, na aliambiwa Tukuyu na mama mkwe, akarudi kwa Naomi akashika kichwa. "Wazee wako wamekubaliana," alimwambia, "kwamba kila mmoja alikosea, na bado hawajakubaliana." Aliandaa karatasi za mipaka yote miwili.

Waliondoka Alhamisi, siku ya Saba Saba, Naomi akibaki nyumbani, magunia ya mchele nyuma chini ya turubai, kikapu cha ndizi na kuku wa kukaanga mbele. Palikuwa na ubaridi na Keziya alivaa sweta mbili. Hakuna aliyetaja njia. Walipofika njia panda ya Ibanda, kulia barabara ya Tukuyu, kushoto ya mpakani, Patrick aliegesha pembeni, akaacha injini ikinguruma.

"Wazazi wangu," alisema, "mimi ni mtoto. Siwezi kuwachagulia."

Lori moja lilipita, na jingine. Keziya alitazama mlima upande wa Tukuyu, ukungu umeuziba nusu.

"Nikwambie kweli," alimwambia mumewe bila kugeuka. "Karonga naiogopa. Utaniuliza ilikuwa hapa? Ilikuwa pale? Na mimi sitajua. Miaka yote nilikuwa na uhakika na safari ile kuliko kitu kingine chochote, na kumbe hata niliyekuwa naye simjui. Nikifika nikakuta sikumbuki chochote, je? Nitabaki na nini?"

"Utabaki na mimi, nami sijui vilevile," alisema Andongwisye. "Tutakuwa wawili. Tukuyu mimi nimepita mara mia, nikikupitisha huko nitajifanya mjuaji njia nzima, unanifahamu. Huku hakuna mjuaji."

Keziya alifikiri kwa muda. Patrick anasema ulikuwa muda mrefu kiasi kwamba alisoma maandishi yote ya kwenye kibanda cha jirani, mpaka bei ya ndoo ya maji.

"Kata kushoto, mwanangu," alisema mama mkwe.

Na ikawa kama alivyoogopa. Walivuka daraja, wakagongewa mihuri, wakaingia Malawi, na Keziya hakutambua kitu. Kaporo hakuitambua. Karonga walitafuta nyumba ya mama mdogo, wakakuta ukuta mrefu wa ghala jipya, na mlinzi hakuwahi kusikia jina lake. Andongwisye aliuliza kila baada ya maili chache, "Hapa?" na Keziya akajibu, "Labda." Baadaye hata yeye mwenyewe alianza kusema "Labda hapa" bila kuulizwa, akionyesha kidole kwenye kichuguu, kwenye kanisa, kwenye mbuzi, mpaka wote watatu wakacheka. Barabara ya Chitipa ilikuwa vumbi tupu. Walilala nyumba ya wageni huko, Keziya akazungumza na mwenye nyumba kwa Kingonde cha mama yake, lugha ambayo hakuitumia tangu mama mdogo alipofariki, na mumewe akamtazama kama anamwona mtu mpya.

Kesho yake mchana waliingia Nakonde. Hapo ndipo barabara ya Tunduma inapokuja kukutana na ile waliyotoka nayo, na kuanzia hapo kwenda Kitwe njia ni moja. Wakati Patrick anashughulikia karatasi zake, wakaagiza chai na mkate kwenye kibanda kilichotazama malori yanayoingia kutoka Tanzania.

"Mimi nilipita pale," alisema Andongwisye. "Lile geti. Lilikuwa fito tu wakati ule."

"Ulikuwa umevaa nini?" aliuliza Keziya.

"Koti la mgodini. Nilitoka jasho nikakataa kulivua, niliogopa kuibiwa."

"Na lile basi lilipoharibika, ulilala kwenye kiti?"

"Chini. Kando ya gurudumu. Nililalia lile koti. Halafu asubuhi ndiyo akaja yule mama na viazi, ana mtoto mgongoni analia..."

"Alikuwa na mtoto? Hukuwahi kuniambia alikuwa na mtoto."

"Hukuwahi kuuliza."

"Ningeuliza vipi? Nilipokusikia juzi nikajilazimisha niwemo, nikajua na mimi nilimwona."

Walikaa hapo saa nzima. Keziya aliuliza kila kitu. Konda alikuwa mtu wa wapi, jino lake la dhahabu lilikuwa la juu au la chini, alipofika Tukuyu alikula nini, alipouona mlango wa nyumba ya wazazi wake alifikiri nini. Na yeye Andongwisye akauliza ya mtoni, na Keziya akamwambia alichokuwa na hakika nacho, ambacho kilikuwa kidogo, na alipofika pasipo na hakika alisema, "Hapa sijui." Alipotaja mkono mgongoni alisema, "Hezroni," akasubiri kuona jina litakaaje. Lilikaa vizuri kuliko alivyotegemea, ingawa si vizuri kabisa.

Walifika Kitwe Jumamosi jioni. Kanisa lao la Wusakile lilikuwa limeezekwa upya na hakuna aliyewafahamu, lakini mchungaji, kijana mdogo, aliwaita mbele Jumapili, akawawekea mikono, na waumini waliimba. Siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili yenyewe, walikuwa ndani ya treni kutoka Kapiri Mposhi. Andongwisye alisinzia mchana kutwa, mdomo wazi. Keziya hakulala. Alikaa dirishani, akatazama stesheni ambazo majina yake hakuyajua, watoto wanaokimbia na mabeseni ya karanga, msitu usiokwisha.

Andongwisye alipozinduka, jua limeinama, aliuliza wamefika wapi.

"Sijui," alisema Keziya. "Ila umelala tumepita mto mkubwa sana, una daraja refu la chuma. Watu walikuwa wanavua samaki chini, na mmoja alisimama kwenye mtumbwi akatupungia. Kaa vizuri nikueleze."